Wino wa Mgongoni

Dhuluma aliyofanyiwa mtu huyu ilikuwa ya kimyakimya, na huenda ndiyo sababu ilidumu. Kazi ya maisha yake ilifungiwa katika droo ya chini kabisa ya kabati la chuma, ndani ya hifadhi ya nyaraka ya umma, na kila karatasi ikagongwa muhuri pembeni: BATILI. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemtafuta. Hakuna hata aliyejisumbua kujua kama yu hai. Wodi ya wazazi aliyoichora inaendelea kupokea watoto, na ngazi za posta alizozipima zinaendelea kukanyagwa na watu wenye haraka zao. Lakini karatasi zilizozaa majengo hayo zilihukumiwa kuwa takataka kwa kosa moja tu, kwamba wino wake ulikuwa upande ambao mpangaji fulani wa nyaraka hakuutarajia.

Karatasi zenyewe zilikuwa za aina ile angavu, ambayo ukiitandaza juu ya mchoro mwingine, mchoro wa chini unachungulia kama mtu aliye nyuma ya pazia jepesi. Kabla kompyuta hazijaingia maofisini, majengo ya umma yalizaliwa juu ya karatasi za namna hiyo. Mchoraji alichora kwa wino, karatasi ikapitishwa kwenye mashine ya mwanga, zikatoka nakala za bluu za kupelekewa mafundi. Nakala zilichanikia mifukoni, zikaloa zege, zikafungiwa misumari. Ile karatasi mama ilibaki ofisini, kavu na safi. Kuiita batili ni sawa na kumnyima mzazi jina lake kwa sababu tu hukupenda alivyombeba mtoto.

Aliyeifungua droo hiyo alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Brashi, maana hakuonekana bila brashi laini ya kupangusia vumbi, kaichomeka kwenye nywele kama kitana. Kazi yake ilikuwa kutibu karatasi zilizougua, na karatasi angavu alizijua kama mkaza mwana anavyomjua mama mkwe, yaani kwa kuumia. Ukizinyima unyevu zinakakamaa na kuvunjika kama ganda la yai. Ukizizidishia, zinanenepa upande mmoja, zinakunjamana, na hazirudi tena katika umbo lake hata uziwekee mawe ya kusagia. Hazitaki pupa wala hazitaki woga.

Siku hiyo Mkuu wa hifadhi alimkuta ameinama juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake.

"Dada," akasema, akiegemea mlango, "ile droo ya chini naitaka iwe wazi. Tunaletewa ramani za mabomba ya mji mzima, na sina pa kuziweka. Mwisho wa mwezi kamati inakaa. Zile batili zinapitishwa, zinatoka."

"Zinatoka kwenda wapi?"

"Zinakokwenda karatasi zote zisizo na kazi. Usinitazame hivyo, si mimi niliyezigonga muhuri. Nilizikuta."

"Basi niachie moja. Nina njia mpya ya kunyoosha karatasi iliyoviringika, nataka kuijaribu kabla sijaigusa ya maana."

"Chukua hata kumi. Maiti haumwi na sindano."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye makabati machache kuliko karatasi, na uhaba una namna yake ya kumfundisha mwungwana kusema maneno ambayo kesho yake atayajutia.

Mama Brashi alichagua karatasi moja iliyojiviringisha kama jani kavu. Ilikuwa ramani ya ngazi za jengo la ghorofa, imechorwa kwa wino mweusi, na maelezo ya vipimo yameandikwa kwa wino mwekundu. Alifanya kama taaluma inavyoagiza: alilaza karatasi uso juu, maandishi yakisomeka vizuri, akaleta unyevu kutoka mgongoni, mbali na wino. Akaiweka katikati ya karatasi nene za kukaushia, akapanga vizito juu yake, akaenda kuendelea na mengine.

Aliporudi aliondoa vizito na kuinua ile ramani. Karatasi ya kukaushia iliyokuwa chini ilikuwa na wekundu. Wino mweusi ulikuwa umestahimili, lakini ule mwekundu ulikuwa umetoka, na mahali pamoja ulikuwa umetambaa na kuacha doa lenye mkia. Alijilaani kwa sauti. Kisha akanyamaza katikati ya laana, kwa sababu jicho lake lilikuwa limeanza kusoma.

NGAZI KUU, ilisema karatasi ya kukaushia. VIPANDIO VYA MAWE. TAZAMA MCHORO WA PILI.

Kila aliyewahi kutumia karatasi ya kukaushia wino anajua kwamba haisomeki. Hubeba maneno kinyumenyume, kama kioo. Ukitaka kuyasoma ni lazima uyapeleke mbele ya kioo cha pili. Hii ilisomeka moja kwa moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kama tangazo la ukutani. Mama Brashi aliigeuza, akaigeuza tena. Aliiweka puani, kana kwamba jibu lilikuwa na harufu. Maswali mawili yalikuwa yamepandana mgongoni kama panzi: wino ulitokaje chini ilhali uso wa mchoro ulikuwa juu? Na kama ulitoka chini, kwa nini maneno yalikuwa sawasawa?

Alivuta taa ya mezani akaishusha hadi mwanga wake ukapita kwa ubavu, ukigusa karatasi kwa mshazari. Hapo ndipo alipouona wino. Ulikuwa umeinuka kidogo, kama makovu membamba, na ulikuwa mgongoni. Upande ule maneno yote yalikuwa yameandikwa kinyume, kuanzia kulia kwenda kushoto, herufi kwa herufi, bila kuyumba. Ndiyo maana karatasi ya kukaushia, iliyogeuza kinyume cha kinyume, ilisomeka.

Alifungua droo na kutoa nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa hivyo. Akaelewa basi muhuri ulivyopatikana. Mpangaji wa zamani alipitisha ukucha juu ya uso wa karatasi, hakuhisi wino, akaamua kwamba hizi ni nakala zilizopigwa kinyume kwa bahati mbaya, akachukua muhuri wake. Ilikuwa hukumu ya ukucha mmoja, na hakimu hakuona haja ya shahidi.

Lakini chini ya mwanga wa ubavu, Mama Brashi aliona mambo ambayo nakala haiwezi kuwa nayo. Usoni, mahali ambapo hapakuwa na wino, palikuwa na mistari hafifu ya penseli iliyofutwa nusunusu, ikienda sambamba na wino wa upande wa pili. Mgongoni, hapa na pale, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe na mstari mpya kuchorwa juu ya mkwaruzo, namna wachoraji walivyokuwa wakisahihisha. Nakala haisiti. Nakala haibadili mawazo. Mtu aliketi hapa, akapima, akakosea, akakwangua, akarudia. Na alifanya yote hayo kwa kuandika kinyumenyume, kazi nzima, jengo baada ya jengo. Kwa nini mtu ajitese hivyo?

Swali hilo lilimshika ukosi. Alikwenda nalo kwa Mkuu.

"Huenda ni mwanafunzi aliyegeuza karatasi kwa bahati mbaya," Mkuu akasema.

"Mwanafunzi gani akosee droo nzima?"

"Mwanafunzi mvivu."

"Kuandika kinyume ni uvivu? Haya, andika jina lako kinyume hapa, nione."

Mkuu alichukua kalamu, akajaribu, akaandika kitu kilichofanana na buibui aliyekanyagwa. Alikitazama kwa mshangao wa kweli. "Loo," akasema. Kisha akaiweka kalamu chini. "Sikiliza, dada yangu. Nakuamini kwamba kuna jambo. Lakini kamati haitaki mshangao wangu, inataka sababu. Ukinieleza ni nani aliyechora na kwa nini alichora hivi, nitazitoa kwenye orodha ya kutupwa kwa mkono wangu mwenyewe. Usiponieleza, sina pa kusimamia."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hivyo: apatikane mwenye karatasi kabla ya kamati kukaa, au karatasi ziende. Pembeni mwa kila ramani palikuwa na kisanduku cha jina la mchoraji, nacho kilikuwa tupu.

Mtu pekee ambaye Mama Brashi alimfahamu kutoka ofisi ya zamani ya ujenzi, ile iliyochora ramani hizo, alikuwa mzee mmoja mwenye kibanda cha kutoa fotokopi mtaa wa pili. Huyo ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya nakala za bluu, na kwa kuwa mashine ile ilitumia amonia, wenzake walimbatiza Mzee Amonia. Alidai kwamba tangu astaafu hanusi chochote, hata mjukuu akijichafulia mapajani mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nakala ngapi?"

"Leo sitaki nakala. Nataka unitambulie mkono." Akamtandazia karatasi moja juu ya mashine.

Mzee hakuigusa. Alivaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Bwana Safi," akasema. "Huyu ni Bwana Safi. Umeitoa wapi hii?"

"Umemjuaje, na hakuna jina?"

"Mwanangu, watu huwajua waimbaji kwa sauti hata wasipowaona. Nakala za huyu zilitoka kali! Mstari wake ungeweza kukata kidole. Za wengine zilitoka na ukungu kidogo pembeni, hivi, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Tulidhani ana wino wake wa siri. Mimi nilimbembeleza anigawie, akacheka tu. Na doa? Hukuti doa hata moja. Ndipo tukamwita Safi."

"Ulijua wino ulikuwa mgongoni?"

Mzee aliinua ukingo wa karatasi, akapitisha kidole chini yake, polepole. Uso wake ulibadilika. "Alaa!" Akazunguka kaunta kama kijana, akawasha taa ya mezani, akaweka kiganja chake karibu kabisa na ukuta. "Tazama kivuli."

Kivuli kilikuwa cheusi, kingo zake zimekatika sawasawa. Akausogeza mkono mbali na ukuta. Kivuli kikafifia na kutawanyika pembeni.

"Umeona? Wino ukiwa usoni, kati yake na karatasi ya nakala kuna unene wa karatasi nzima; mwanga unapenya pembeni, mstari unapata ukungu. Wino ukiwa mgongoni, umegusana na nakala, bega kwa bega. Miaka yote hiyo nimezipitisha kwa mikono yangu hii! Ama kweli aliyelala usimwamshe, ila mimi nilikuwa nimelala nimesimama."

"Kwa hiyo alifanya hivyo ili nakala ziwe kali?"

Mzee alifikiri, akatikisa kichwa. "Sidhani. Mtu haandiki kinyume maisha yake yote ili kumfurahisha mwendesha mashine. Hilo kamwulize mwenyewe. Yu hai, mkali kama zamani. Nyumba yake ipo nyuma ya kiwanda cha matofali, ile yenye madirisha yaliyonyooka. Utaiona. Madirisha ya wengine wote huko yamepinda."

Nyumba ilionekana kweli, na aliyefungua mlango alikuwa mke wa mwenye nyumba, bibi mfupi mwenye kanga mabegani na macho ya mtu anayesubiri utani. Bwana Safi mwenyewe alikuwa ameketi sebuleni, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Alimpa mgeni mkono wa kulia. Kwa mkono wa kulia alimpokea mkoba, na kwa mkono huohuo akamimina chai, akimwaga nusu yake kwenye sahani. Mama Brashi alitazama chai ile ikimwagika, na kitu kikaanza kujipanga kichwani mwake.

Alieleza kilichomleta. Mzee alisikiliza bila kupepesa.

"Karatasi hizo sizijui," akasema.

"Mzee Amonia amezitambua."

"Mzee Amonia alivuta amonia. Asiulizwe."

"Babu yake mtu," mkewe akaingilia kutoka mlangoni, "mbona unamficha mgeni? Hata hiyo chai umeimwaga kwa kujifanya wa kulia."

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze nini, nimeolewa nyumba ya polisi? Mwanangu, mume wangu huyu ni wa mkono wa kushoto. Ndiyo siri yote hiyo. Mtu angedhani ameua."

Bwana Safi alimtazama mkewe kama mtu aliyevuliwa nguo barazani. Kisha Bwana Safi alihamisha kikombe kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akanywa, na hakumwaga tone.

Akaeleza, kwanza kwa hasira, kisha kwa namna nyingine. Shuleni mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya kiatu, ili mkono wa kulia ujifunze adabu. Mkono wa kulia haukujifunza. Ulijua kuandika kama kuku anavyojua kuparua, basi. Lakini kuchora alichora kwa ule uliofungwa, nyuma ya madaftari, na ndiyo uliomfikisha ofisi ya ujenzi. Siku ya kwanza mkuu wa chumba cha wachoraji alimwambia: hapa hatuweki shoto, maana shoto anachafua. Na kwa kweli alichafua. Wino wa kuchorea hukauka polepole juu ya karatasi angavu, haunywewi kama kwenye karatasi ya kawaida. Na maandishi yetu huanzia kushoto. Wa kulia huandika huku mkono ukiyakimbia maneno yake. Wa kushoto huandika huku kiganja kikiyafuata na kuyafagia, kama mtu anayefuta nyayo zake.

"Karatasi ya kwanza niliifagia yote. Nikapewa onyo. Ya pili, onyo la mwisho. Nikakaa naitazama ile ya tatu, imetundikwa kwenye kamba ikauke, sijaitia wino, ina penseli tu. Upepo ukaigeuza. Nikaona penseli yangu kwa nyuma, safi kabisa, imeanzia upande wa pili. Nikajiambia, kumbe karatasi hii haina mgongo. Ina nyuso mbili."

"Ukachora penseli usoni, ukaigeuza, ukatia wino mgongoni," Mama Brashi akasema taratibu, "kuanzia kulia kwenda kushoto. Mkono wako ukiyakimbia maneno."

Mzee alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Herufi za kinyume nilijifundisha hapa hapa nyumbani. Huyu mama alidhani nimerogwa."

"Alikuwa ananiandikia barua za mapenzi kinyume!" mkewe akasema. "Nazisoma kwa kioo. Jirani alinikuta, akasema huyu naye, mpaka barua anaisoma huku anajipamba."

"Na mkuu wako hakugundua?"

"Mkuu wetu alikuwa mnene, na meza zilibanana. Meza yangu ilikuwa ya ukutani. Akikohoa tu mlangoni, kalamu inahamia kulia. Yeye alitaka ramani isomeke na isiwe na doa. Alizipata zote mbili. Kisanduku cha jina nilikiacha wazi. Niliona nikitia saini kwa mkono ule, nitakuwa nimejishitaki."

Hivyo ndivyo sababu ilivyopatikana, nzuri kuliko alivyoitarajia Mama Brashi. Alimwomba mzee afike mbele ya kamati aieleze. Mzee akakataa papo hapo.

"Niende nikaseme nini? Kwamba hospitali ilichorwa na shoto kwa kuiba? Nimestaafu na heshima yangu. Zitupeni."

"Mzee, zikitupwa hazirudi."

"Majengo yapo. Karatasi za nini tena?"

"Majengo hayasemi nani aliyafikiri, wala alikwangua wapi kwa wembe na kubadili mawazo."

"Zitupeni, nimesema."

Mkewe aliivuta kanga yake mabegani. Kulikuwa na ukaidi ambao hata yeye, mwenye ulimi wake wote, alikuwa amejifunza kuuzunguka badala ya kuugonga.

Mama Brashi alikuwa amebakiza jambo moja, nalo hakulileta kama silaha. Lilimkera tu rohoni, akaona si haki kuondoka bila kulisema. Alifungua jalada akatoa ramani ya ngazi pamoja na karatasi yake ya kukaushia. "Kuna hii nimeiharibu mimi. Nililowesha mgongo, nikidhani wino uko usoni. Wekundu umetoka. Naomba radhi."

Bwana Safi alivuta karatasi ya kukaushia karibu. Mwandiko wake wa siri ulikuwa pale, umenyooka, unasomeka mbele ya watu. Alifuata herufi kwa kidole cha kushoto, midomo ikicheza. Kisha kidole kikafika kwenye doa lenye mkia, kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Ndipo wino ulipotambaa."

"Hii si yangu."

"Najua, ni yangu."

"Wewe unajua. Hao wa kamati wanajua?" Alikuwa amesimama. "Wataiona karatasi hii?"

"Ndiyo mfano wetu mkubwa, mzee. Ni lazima waione."

"Wataona doa! Wataona shoto, halafu doa, watasema, ahaa, tulijua. Mimi sijawahi kuacha doa! Muulize yeyote!"

"Sina haja ya kuuliza, lakini mimi si shahidi wa—"

"Mama!" akaita, ijapokuwa mkewe alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. "Lile koti langu liko wapi?"

"Kamati ni wiki ijayo, baba," mkewe akasema, akijikaza asicheke. "Kaa, umalize chai. Kwa mkono unaoutaka."

Wiki iliyofuata wanakamati walimkuta Bwana Safi amefika kabla yao, koti limefungwa vifungo vyote. Alipoulizwa jina na kazi, alijibu kwa kifupi. Alipoulizwa sababu, hakueleza. Aliomba karatasi angavu, rula na kalamu ya wino. Alichora kwa penseli kipande cha ngazi, akaigeuza karatasi, akahamisha kalamu kwenda mkono wa kushoto mbele ya watu wazima saba wanaomtazama. Mkono huo ukaanza kuandika, kutoka kulia kwenda kushoto, kasi ile ile ya mtu anayeandika orodha ya sokoni. Alipoinua karatasi na kuwaonesha uso, palisomeka: VIPANDIO VYA MAWE.

Halafu mhandisi aliyekuwa kwenye kamati, mwanamke mwenye nywele fupi, akasema, "Naomba kujaribu." Naye akaomba kalamu. Kisha mwingine. Mwisho kamati nzima ilikuwa imeinama juu ya meza ikiandika majina kinyume na kuchekana kama darasa lililoachwa na mwalimu, Bwana Safi akipita nyuma yao mikono mgongoni, akisema, "Huyo N umemlaza. Mwinue."

Mkuu wa hifadhi ndiye aliyerudisha kikao katika mstari. Aliuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: je, hili linabadilisha nini zaidi ya kufurahisha? Mama Brashi akalijibu kwa kuonesha penseli, mikwaruzo ya wembe, na ukali wa nakala chache za bluu zilizobaki hifadhini. Kwamba hizi ndizo zilizo mama, na kwamba hakuna nyingine popote. Zikitupwa, wodi ile itabaki na kuta zake lakini bila fikra iliyoijenga, na siku ufa utakapotokea, fundi atakisia. Mkuu alisikiliza, akachukua orodha ya kutupwa, akakata mstari mmoja mrefu.

"Na doa?" Bwana Safi akauliza.

"Doa gani, mzee?"

"Lile. Liandikwe ni la nani."

Likaandikwa, palepale, mbele yake, kwenye maelezo ya karatasi: doa jekundu lilisababishwa na matibabu ya hifadhi, si la mchoraji. Mama Brashi alitia saini. Mzee alisoma mara mbili, akafungua kifungo cha shingoni. Muhuri wa BATILI haukufutwa; kuufuta kungehitaji kukwangua karatasi, na Mama Brashi alisema karatasi hizo zimekwanguliwa vya kutosha na mwenye haki ya kuzikwangua.

Kanuni ya hifadhi ilibadilishwa rasmi tarehe 9 Juni 2021. Tangu siku hiyo hakuna karatasi angavu inayoguswa na maji, kugongwa muhuri wala kupelekwa mbele ya kamati ya kutupa kabla ya pande zake zote mbili kuchunguzwa kwa mwanga wa ubavu na kuandikwa, kwa maneno kamili, wino uko upande gani.